Barua ya wazi kwa mnaoshika mihuri ya dawa: tunaomba chumba cha utafiti, hatujaomba duka

Kwenu waheshimiwa mawaziri wa afya, wakurugenzi wa mamlaka za dawa, makamanda wa kupambana na dawa za kulevya, na nyie mnaotumwa Vienna kila mwaka kwenye kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya kunyoosha mkono kwa niaba yetu,

Salamu nyingi sana. Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya akili. Sio profesa, sio mwanaharakati, na hivyo vitu situmii, naliweka hilo mapema kabisa maana najua mkishaona neno saikedeliki, yani dawa zinazobadilisha fahamu, kwenye barua lazima kuna mtu hapo ofisini atasema huyu naye kashavuta. Sijavuta. Nimekaa tu kwenye hii kazi muda wa kutosha kuona kwamba mjadala wa silosaibini (ile ya kwenye uyoga), LSD, MDMA (mtaani wanaiita ekstasi) na wenzao wameushika watu wa aina mbili, wale wanaosema ni muujiza na wale wanaosema ni unga uliobadilishwa jina, na wengi wao kwa pande zote mbili hawajawahi kukesha na mtu ambaye dawa tulizonazo zimegoma.

Ombi langu naliweka hapa juu ili asiye na muda aishie hapa: toeni vibali vya utafiti wa hizi dawa kwenye hospitali za umma, na mkishatoa msikague kidonge peke yake, kagueni na chumba ambamo mgonjwa anapewa hicho kidonge. Basi. Sijaomba mtu yeyote auziwe uyoga.

Sasa kwa nini nasumbuka. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishakadiria watu kama milioni 280 wanaishi na sonona, na wanaojiua kwa mwaka wanazidi laki saba. Dawa za kawaida zinasaidia watu wengi tu na siko hapa kuziponda, nazigawa kila siku na nimeona watu wakirudi kazini kwa ajili yake. Lakini zina wanaobaki nje. Ule utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa STAR*D ulipitisha wagonjwa kwenye hatua nne za matibabu, hii ikishindikana unapewa ile, na mwisho wa hatua zote karibu theluthi walikuwa bado hawajapona, na kuna wataalamu wamerudia hesabu wakasema hata hiyo ilikuwa ni hesabu ya huruma. Hiyo theluthi ndiyo inayojaza wodi zetu, na ndiyo inayokaa macho saa nane usiku ikiperuzi simu.

Kuna mama mmoja wa makamo, alishabadilishiwa dawa mara kadhaa, usiku nikimpa vidonge anaviweka kiganjani anavigeuza kwa kidole kama mtu anayehesabu chenji. Siku hiyo akaniuliza, "sista, hii nayo si ndugu yake ile ya mwanzo?" Na kweli ilikuwa ndugu yake, kundi lile lile. Kisha akatoa simu chini ya mto akanionyesha jamaa anauza vidonge vya uyoga, maelezo yote ni "njoo inbox", hakuna dozi, hakuna jina, picha ya jua linachomoza tu. Akaniuliza aache hizi anywe hizo? Nikamwambia mama usiache dawa ghafla, nikamuuliza kama kwenye ukoo wao kuna aliyewahi kuchanganyikiwa, nikamweleza habari ya presha na moyo, akanisikiliza vizuri kabisa mpaka mwisho, alafu akasema, "kama haisaidii semeni haisaidii, na kama inasaidia nyie mbona hamna?" Wakubwa, hapo nilikuwa sina jibu la kitaalamu. Jibu nililokuwa nalo ni la kisheria tu, na mgonjwa haponi kwa kifungu cha sheria.

Na tukienda kwenye hiyo sheria yenyewe ndio utashangaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 umeweka LSD na silosaibini kwenye jedwali la kwanza, lile kali kuliko yote, MDMA ikaongezwa 1986. Sawa. Lakini kifungu cha 7 cha mkataba huo huo kinasema matumizi yote yapigwe marufuku isipokuwa kwa kazi ya sayansi na tiba yenye mipaka finyu sana, kwa watu walioidhinishwa, kwenye taasisi zilizo chini ya serikali au zilizokubaliwa na serikali. Yani mlango upo, umeandikwa, mna ufunguo mfukoni miaka zaidi ya 50 sasa. Kwa hiyo mtafiti akija na maombi akaambiwa "mkataba hauruhusu" huyo kadanganywa, na mara nyingi anayemwambia hivyo hata huo mkataba hajausoma, kaukuta tu mwenzake anasema hivyo naye akaendelea.

Najua hofu imetoka wapi na sio hofu ya kijinga. Mkemia Albert Hofmann alitengeneza LSD mwaka 1938 kwenye maabara za kampuni ya dawa ya Sandoz kule Basel, Uswisi, ikakaa tu kabatini mpaka 1943 alipoirudia, ikamwingia mwilini kwa bahati mbaya, siku chache baadaye akainywa makusudi kujua ni nini. Kuanzia 1947 Sandoz wakawa wanaisambaza kwa madaktari kwa jina la Delysid, na Kanada madaktari wa akili kina Humphry Osmond wakaijaribu kwa walevi sugu wakaja na matokeo ya kusisimua, ila majaribio mengi ya enzi zile ukiyapima kwa vipimo vya leo hayasimami, hamna kundi la kulinganisha, daktari mwenyewe ndiye mpimaji na ndiye shabiki. Baadaye dawa ikatoka hospitali ikaingia mtaani, mhadhiri wa Harvard Timothy Leary akawa mhubiri wake na chuo kikamtimua 1963, Sandoz wakajitoa 1965, serikali zikafunga mlango.

Ila kwenye hiyo hadithi kuna kipande huwa hakisemwi na nyie. Waliowanywesha watu LSD bila kuwaambia hawakuwa vijana wenye nywele ndefu, ni shirika la ujasusi la Marekani lenyewe, CIA, kwenye mradi wa MK-Ultra ulioanza 1953, na mwaka huo huo Frank Olson, mwanasayansi wa jeshi, alitiliwa kwenye kinywaji na siku chache baadaye akafa kwa kuanguka kutoka dirisha la hoteli New York. Kwa hiyo tukisema hizi dawa zikikosa usimamizi zinaumiza watu ni kweli kabisa, na usimamizi unaozungumzwa ni pamoja na wa wakubwa.

Haya, ushahidi wa sasa. Tusidanganyane, upo na una matobo. Mwaka 2016 chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitoa utafiti wa wagonjwa 51 wa saratani waliokuwa na sonona na hofu ya kufa, dozi kubwa ya silosaibini ikawashushia, na miezi sita baadaye kama asilimia 80 walikuwa bado wako nafuu. Inavutia, lakini ni watu 51. Mwaka 2022 ukatoka wa watu 233 wenye sonona sugu, makundi matatu, miligramu 25, 10 na 1, wiki ya tatu waliopata nafuu ya maana ni asilimia 37 kwa wa miligramu 25 na 18 kwa wa miligramu 1. Tofauti ipo. Ila ukisogea mpaka wiki ya 12, kwa wa miligramu 25 walioshikilia nafuu hiyo walikuwa mmoja kati ya watano tu, na baadhi ya washiriki walipata mawazo ya kujiua njiani. Muujiza gani huo unaoacha wanne kati ya watano? Na mwaka 2021 kule London waliishindanisha silosaibini na escitalopram, dawa ya kawaida kabisa ya sonona, watu 59, wiki sita, kwenye kipimo kikuu hamna aliyemzidi mwenzake kwa kiwango cha kuaminika. Vipimo vingine vya pembeni viliipendelea silosaibini, basi watetezi wananukuu vya pembeni na wapinzani wananukuu kikuu, na kila mtu anaondoka na utafiti wake.

Tobo kubwa kuliko yote ni hili na naomba mlielewe vizuri kwa sababu ndilo mtakaloletewa mezani. Ili ujue dawa inafanya kazi unampa mwingine dawa bandia, na wote wawili wasijue nani kapewa nini. Sasa utamficha vipi mtu ambaye ndani ya saa moja anaona ukuta unapumua na analia kwa ajili ya marehemu baba yake? Watafiti wamejaribu kila ujanja, wengine wanatoa dozi ndogo, wengine vitamini ya niasini ambayo inachoma ngozi kidogo ili mtu ahisi kitu, wengine dawa ya mzio inayoleta usingizi, na bado watu wanajua. Kwenye majaribio ya MDMA kwa wenye kiwewe yaliyotoka 2023, asilimia 71 ya waliopewa MDMA pamoja na tiba ya mazungumzo walifika mahali hawahesabiki tena kuwa na ugonjwa, waliopewa dawa bandia na mazungumzo yale yale asilimia 48. Lakini karibu wote waliopewa MDMA walikuwa wameshabahatisha walichomeza. Na aliyepata dawa bandia akagundua kakosa ile aliyoisubiri miezi, unafikiri alijaza dodoso akiwa na furaha? Hivyo sehemu ya hiyo pengo la 71 na 48 ni dawa, sehemu ni matumaini ya mmoja na kuvunjika moyo kwa mwenzake, na hakuna anayeweza kukukatia mstari hapo katikati.

Angalieni hiyo 48 lakini. Watu karibu nusu walitoka kwenye kiwewe kwa kukaa na wataalamu wawili wanaowasikiliza saa nyingi, bila MDMA. Mimi kama muuguzi hiyo namba ndiyo iliyonisimamisha, na sijaona gazeti hata moja limeiweka kwenye kichwa cha habari.

Ndio maana nazungumzia chumba. Mkiona picha zao mtadhani ni sebule: kochi, blanketi, taa hafifu, mgonjwa kalala kafunikwa macho kwa kitambaa, masikioni muziki, pembeni wamekaa watu wawili, mara nyingi mwanamke na mwanaume, na mashine ya presha imefungwa mkononi maana hizi dawa zinapandisha presha na mapigo ya moyo. Silosaibini inamshika mtu saa kama sita, kikao cha MDMA kinafika mpaka nane hivi, LSD inaweza kwenda zaidi. Muda wote huo mtu huyo hawezi kujitetea. Ukimwambia "mama yako hakukupenda" anaweza kuamini maisha yake yote, ukimshika mkono anaweza kuona umemwokoa, ukimshika pasipotakiwa hawezi hata kupaza sauti. Kabla ya hapo kuna vikao vya maandalizi na baada ya hapo vikao vya kuongelea alichokiona, na kazi ya kuponya kwa sehemu kubwa inafanyika humo.

Na uovu nao unafanyika humo humo. Kwenye majaribio ya MDMA kule Kanada wataalamu wawili walimfanyia mshiriki vitendo visivyo vya kimaadili, na Agosti 2024 jarida la Psychopharmacology likaziondoa makala tatu za utafiti huo. Mwezi huo huo FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikakataa kuidhinisha MDMA, ikataka jaribio lingine kubwa, baada ya jopo la washauri wake Juni kupiga kura 10 kwa 1 kwamba faida hazijazidi hatari. Wengi walilia kwamba FDA imeua tumaini. Mimi nadhani walifanya kazi yao. Shida niliyoiona ni nyingine, kwamba FDA inaidhinisha dawa, haiidhinishi mazungumzo, na hii ni tiba ambayo nusu yake ni mazungumzo, kwa hiyo nusu ya hatari inabaki haina mwenyewe. Nyie ambao bado hamjaanza mna bahati, mnaweza kuandika kanuni zinazoshika vyote viwili tangu siku ya kwanza: nani anaruhusiwa kukaa humo, kasomea nini, kamera iwashwe, mgonjwa achague mapema kama atashikwa mkono au la na akishakataa ikae hivyo hata akibadili mawazo dawa ikiwa imemkolea, na akiumizwa ana pa kulalamika pasipo kwa mtafiti mwenyewe.

Wasiofaa wanajulikana na wasionewe aibu kuambiwa hapana. Mwenye historia ya saikosisi (kuchanganyikiwa, kuona na kusikia visivyokuwepo) au bipola (hali ya moyo inayopanda na kushuka kupita kiasi), yeye au ndugu wa damu, huwa hawaingizwi kabisa. Mwenye moyo mbovu hivyo hivyo, na ibogaini, inayotoka kwenye mmea wa iboga, hasa inaharibu mdundo wa moyo na imeua watu. Wanaokunywa aiwaska, kinywaji cha mitishamba cha Amazoni, juu ya dawa zao za sonona wanajiweka pabaya maana mchanganyiko ule unaweza kufurisha serotonini, kemikali ya ubongo, mpaka iwe hatari. Haya yote mgonjwa wangu hakuyakuta kule inbox.

Mtaniuliza kwa nini tusisubiri wakubwa wa dunia wamalize ndio tuige. Kwanza dawa mojawapo mnayo tayari stoo. Ketamini, ambayo inachezea fahamu kwa njia yake ingawa sio ukoo mmoja na LSD, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO kama dawa ya ganzi, na vyumba vingi vya upasuaji visivyo na mitambo vinaitegemea. Mwaka 2015 China ilipopeleka pendekezo Vienna iwekewe udhibiti wa kimataifa, WHO ikasema hapana, mtawanyima watu upasuaji, na uamuzi ukaahirishwa. Mnaona, kumbe inawezekana kitu kikawa kinatumiwa vibaya klabu na bado kikabaki hospitali. Morfini pia iko hivyo. Jamaa yake ketamini, esketamini ya kupuliza puani, FDA waliikubali kwa sonona sugu 2019, na inatolewa kituoni mgonjwa akiwa anaangaliwa. Sambamba na hapo Marekani zikaota kliniki za ketamini kila kona na huduma za kutumiwa nyumbani, na Oktoba 2023 mwigizaji Matthew Perry akafa, uchunguzi ukaonyesha ni ketamini, tena ya magendo. Dawa ni ile ile.

Pili, wakubwa wa dunia hawatatafiti maswali yetu. Australia tangu Julai 2023 wameruhusu madaktari bingwa wa akili walioidhinishwa kutoa MDMA kwa kiwewe na silosaibini kwa sonona sugu, hatua ya kijasiri, lakini kelele kubwa kule ni gharama. Piga hesabu tu, wataalamu wawili, siku nzima, mgonjwa mmoja, ukiongeza vikao vya kabla na baada. Wodi ambayo muuguzi mmoja ana wagonjwa thelathini hiyo tiba haiwezi hata kuiota. Je, wauguzi wakifundishwa wanaweza kukaa badala ya mabingwa? Je, wagonjwa wanne wakiwa pamoja inapunguza faida au inaongeza? Kampuni yenye hataza ya aina fulani ya silosaibini haina haraka ya kujua hilo. Hospitali ya umma inayo. Na msipotafiti nyie, itakuja siku dawa imeidhinishwa kwingine, tajiri anapanda ndege anakwenda, na mama yule wa wodini anabaki na jamaa wa inbox.

Kitu kingine kabla sijamaliza, kwa sababu kwenye vikao vyenu najua hakitatajwa. Uyoga huu Wazungu hawakuugundua. María Sabina, mganga wa Kimazateki kule Oaxaca, Meksiko, ndiye aliyemkaribisha Gordon Wasson, Mmarekani mpenzi wa uyoga, 1955, Wasson akaandika kwenye jarida la Life 1957, wageni wakamiminika kijijini, nyumba ya bibi wa watu ikachomwa moto na wenzake wakamlaumu. Hofmann akaja kutoa silosaibini kwenye uyoga huo 1958 na Sandoz wakauza vidonge. Gabon nao wana iboga, mmea wa watu wa dini ya asili ya Bwiti, na leo ibogaini inatajwa kwenye mikutano ya uraibu kama kitu kilichookotwa. Kwenye kibali chochote mtakachotoa andikeni wenye maarifa wanapata nini. Itifaki ya Nagoya ya 2010, ya kugawana faida za mimea na viumbe na wenye navyo, ipo kwa kazi hiyo hiyo.

Kwa polisi na makamanda, sina ugomvi na nyie. Kibali cha utafiti kinamaanisha miligramu zinazohesabika, kabati la chuma, funguo mbili, daftari la saini mbili, mzigo mdogo kuliko morfini inayolala kwenye wodi ya saratani. Mnaweza kuja kukagua saa yoyote, na ingependeza mje.

Basi niseme ninachotaka kiwe mezani kwenu. Wekeni utaratibu ulioandikwa wa namna ya kuomba kibali chini ya kile kifungu cha 7, useme ni ofisi gani inapokea, kwa sababu sasa hivi mtafiti anatumwa kutoka afya kwenda mambo ya ndani, kutoka mambo ya ndani kurudi afya, mpaka ufadhili unaisha. Wekeni muda wa kujibu. Muuguzi na mgonjwa mmoja wakae kwenye kamati inayoamua, sio mabingwa na wanasheria peke yao. Na mkikataa, kataeni kwa barua yenye sababu, ili aliyeomba arekebishe alete tena.

Wenu mtiifu,
Muuguzi, wodi ya magonjwa ya akili